Filimbi Shingoni

Jina langu lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu wa programu ya mazishi, katikati ya mwalimu wa kanisa na wimbo wa kina mama, na kando yake waliandika: Rafiki, dakika kumi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama ningetaka kuzungumza. Nilifika Kathiani mapema, nikaketishwa kwenye hema la wazee, maana sasa mimi ni mzee ingawa moyo wangu bado unalibishia jambo hilo, na msichana wa kugawa karatasi akaniwekea programu mapajani. Jalada lilikuwa na picha ya Syombua akicheka, amefunga kitambaa cha kijani kichwani. Nikafungua wasifu wake. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akajaliwa watoto wanne, na kisha: "Akiwa mja mzito wa kifungua mimba wake, alipoteza mguu wa kushoto ndege ya maonyesho ilipoanguka kando ya barabara ya Mombasa." Nilisoma sentensi hiyo polepole nikingojea ile inayoifuata, ile ambayo watu wa pande hizi wamekuwa wakiiongeza kwa zaidi ya miaka arobaini kila wanaposimulia habari hii: kwamba aliambiwa atoke pale, akakataa. Haikuwepo. Badala yake ilifuata habari ya ubatizo wa watoto. Nilishusha pumzi, kisha nikaona haya kwa kushusha pumzi, kwa sababu sentensi hiyo iliyoachwa ni yangu. Mimi ndiye niliyeitunga, nikiwa na miaka ishirini, mbele ya mabwana watatu na birika la chai.

Mwaka ule nilikuwa karani wa klabu moja ya marubani kule tambarare, na nilipanga chumba mjini Machakos nyumbani kwa meneja wangu, Bwana Athumani. Hawa walikuwa Waislamu wa mjini wa siku nyingi. Babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo akasahau kurudi, au ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na dirisha dogo la kutazamia ua ambako Bi Zainabu, mkewe, alianika pilipili juu ya ungo. Kati yangu na sebule yao kulikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilijua nani anaumwa jino, nani anaposwa, na nani hakufika msikitini Ijumaa. Jioni tulikula pamoja. Mimi nilikuwa nimekulia mbaazi za kwetu, zenye chumvi na basi, na Bi Zainabu alizipika kwa nazi iliyoletwa na jamaa zake. Mara ya kwanza nilikula mpaka nikaona aibu. Bwana Athumani alikuwa na mchezo wa kunisahihisha nikisema. Nikisema "ile kiti," aliweka kijiko chini na kuuliza, "Tabitha, kiti kimekukosea nini?" Sote tukacheka. Naikumbuka nyumba ile kwa mapenzi, na ndiyo maana inanichoma kuikumbuka.

Kila asubuhi tuliteremka kwa pikapu yake hadi uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda mrefu wa nyasi zilizofyekwa, banda la ndege na ofisi ya chumba kimoja yenye meza, mashine ya chapa, birika na ubao wa chaki. Mwisho wa ukanda kulikuwa na ua wa seng'enge, kisha safu ya mkonge, kisha tuta la udongo, na juu ya tuta, barabara kuu ya Mombasa yenyewe, na malori yake usiku na mchana. Ndege ikitua kutoka upande huo ilipita juu ya barabara, chini sana, hata mtu aweza kusoma namba zilizoandikwa tumboni mwake. Siku za kawaida ndege zenyewe zilikuwa ndogo na marubani waangalifu, na hakuna aliyejali. Lakini mara moja kwa mwaka klabu ilikusanya ndege za zamani, za enzi za vita, za rangi ya manjano na ya fedha, zilizotunzwa na wazee matajiri waliozipenda kuliko wake zao. Siku hiyo nusu ya Ukambani ilishuka. Walioweza kulipa waliingia langoni. Wengine wote, kutoka Kola, kutoka Konza, kutoka hata Katangi, walikaa juu ya tuta la barabara wakatazama bure. Mimi nisingewalaumu, kwa sababu utotoni nilikuwa mmoja wao.

Bwana Athumani aliliogopa tuta lile. Nilimwona akisimama pale mlangoni na kikombe chake, akilitazama kwa muda mrefu. Miezi miwili kabla ya maonyesho aliniambia nichape barua kwa wakubwa wa serikali kuomba barabara ifungwe kwa saa moja, ndege zikiwa angani. Nilichapa. Jibu lilirudi na mistari miwili: barabara kuu haiwezi kufungwa kwa ajili ya michezo. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. "Injini za ndege zile za zamani ni kongwe kama mimi," alisema, akionyesha banda. "Na mimi nikipanda ngazi nazima katikati. Wao wanaiita michezo." Siku hiyo hiyo alichukua mawe mawili makubwa, akayapaka chokaa, akayaweka juu ya tuta, moja huku na moja kule, na katikati yake ndipo ndege ilipopita ikitua. Kwenye ubao akaandika kwa herufi kubwa: KATI YA MAWE MEUPE HAKUNA MTU, HATA WETU. Maneno hayo yalikaa mbele ya macho yangu miezi miwili, nikayazoea, na kitu ukishakizoea hukioni tena.

Shida ilikuwa nani atawazuia watu wasikae kati ya mawe, na hapo ndipo mimi nilipojitia ubingwa. Nilisema tuwaite wanawake wa mwethya. Kwetu mwethya ni kikundi cha kazi. Leo tunachimba matuta ya shamba lako, kesho la mwenzako, kwa nyimbo, na adhuhuri tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye sufuria moja. Kiongozi humgawia kila mtu kipande chake, na kipande ukishapewa ni chako. Huachi mpaka uitwe, hata jua likupasue kichwa, hata mvua ije. Aliyeacha kipande alitozwa kuku, na aibu yake ilidumu kuliko kuku. Kikundi cha Kathiani nilikijua kwa sababu ya Syombua, niliyesoma naye dawati moja. Nilimwendea kwao nikamkuta anachambua kunde, tumbo lake limeshaonekana. "Aiya, Tabitha! Umekuwa memsahibu wa ndege!" aliniambia, akanisogezea kigoda. Nilipomweleza kazi alicheka. "Yaani tunalipwa kusimama? Hata huyu wa tumbo anaweza hiyo kazi."

Walikuja kumi na wawili, wakafyeka nyasi siku nne, wakiimba, na wale wazee wa ndege walitoka bandani kuwasikiliza. Bwana Athumani aliwakusanya, akawaeleza kwa upole wake. Watu wakae nje ya mawe. Nanyi wenyewe msisimame kati ya mawe, simameni pembeni mkawazuie. Ndege ikijiandaa kutua, Tabitha atapiga filimbi, nanyi wote mtaliacha tuta na kurudi nyuma pamoja na watu wenu. Kisha akanivisha filimbi shingoni mbele yao wote. Ilikuwa ya chuma, ya refa, ina kamba nyekundu. Akaipiga kwanza mwenyewe, ikalia hata mbwa wa stesheni ya reli iliyo mbali wakajibu. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile. Nasema wazi kwa sababu sitaki msomaji adhani nilikuwa msichana mnyonge aliyetwikwa mzigo. Niliupenda mzigo ule, na niliupenda hasa kwa kuwa ulionekana.

Asubuhi ya maonyesho jua lilitoka na hasira. Niliwapanga wanawake juu ya tuta, kila mmoja na kitambaa chake chekundu, nikitumia maneno ya mwethya yenyewe: hiki kipande chako, hiki chako. Syombua alikuwa wa mwisho. Alikuwa na miezi saba, jasho linamtiririka, miguu imevimba. Kwenye tuta zima kulikuwa na mti mmoja, mgunga, na mgunga ule ulikuwa kati ya mawe meupe. Nilimtazama Syombua, nikautazama mti.

"Simama hapa," nikamwambia.

Alitazama mawe, hili na lile. "Tabitha, si hapa ni katikati ya zile mawe? Mzee alisema tusisimame."

"Ni hapa tu pako na kivuli. Utaanguka na hii jua. Ndege ikikaribia nitapiga filimbi, utatoka pole pole."

"Na nikikosa kusikia?"

"Hiyo filimbi hata wafu wanasikia. Wewe usiache kipande yako mpaka nipige. Ukiacha, hao watu wote wataingia hapa kukaa kivulini."

"Sawa, kiongozi," alisema, akanipigia saluti ya mzaha kwa kile kitambaa. Niliondoka nikijiona mwema. Hilo ndilo limenisumbua kuliko yote, kwamba nilimweka pale kwa huruma.

Mchana ulikwenda vizuri. Ndege ya kwanza ilitua, nikapiga filimbi mapema, tuta likawa tupu, Syombua akajikongoja nje ya mawe akarudi baadaye. Ya pili hivyo hivyo. Watu walipiga vigelegele, harufu ya nyama choma na ya mafuta ya ndege ikachanganyika, na mimi nilikuwa nimevaa gauni la buluu nililolishona kwa siku hiyo. Ilibaki moja angani, ile ya manjano, ya mzee mmoja mwenye masharubu meupe ambaye alikuwa bado anazunguka akiaga watu. Ndipo mgeni mmoja mwenye kamera nzuri akaniita: wewe binti, njoo usimame kando ya hii ya fedha, nikupige picha. Hakuna mtu aliyewahi kunipiga picha peke yangu. Nilitengeneza nywele. Akasema sogea kidogo, cheka, weka mkono kwenye bawa. Akapiga moja, akasema tupige nyingine. Nilisikia ngurumo ya ndege ya manjano nyuma yangu, nikajua imegeuka, na nikajiambia bado, bado kidogo, hii ya pili tu. Kisha ngurumo ilikohoa. Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza, na kimya kile kikanigeuza shingo.

Ndege ilikuwa inakuja chini mno, propela imesimama. Wanawake juu ya tuta waliona, wakakimbia, vitambaa vyekundu huku na huku, watu wakaporomoka kama maharagwe yaliyomwagika. Mmoja tu hakukimbia. Syombua alikuwa amesimama chini ya mgunga, mkono mmoja kwenye tumbo, na hakuwa akiitazama ndege. Ndege ilikuwa inamjia kwa nyuma, kimya. Alikuwa akitazama upande wa ofisi, ananitafuta mimi. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Niliishika. Nilipoifikisha mdomoni, bawa lilikuwa limeshaukata mti. Ndege ikaangukia tuta, gurudumu lake likavuka barabara peke yake, lori la vitunguu likakwepa likaingia mtaroni. Yule rubani alivunjika bega. Dereva wa lori alitoka mzima. Vitunguu vilitapakaa barabara nzima, na siwezi kusahau kwamba kulikuwa na watu waliokuwa wakiviokota huku Syombua akilia chini ya lile tawi, akimwita mama yake, "Mwaitu, mwaitu." Mguu wake tuliuona sote. Hata sasa nikikata kitunguu jikoni nafungua dirisha, na wanangu hudhani ni macho tu.

Hospitalini walimkata mguu juu ya goti siku hiyo hiyo. Mtoto alinusurika. Nyumbani kwa Bwana Athumani hatukula pamoja tena kwa siku kadhaa. Bi Zainabu aliniletea chakula chumbani kwenye sahani iliyofunikwa, akidhani nina huzuni, na kweli nilikuwa nayo, ila ilikuwa imechanganyika na kitu kingine. Siku moja baada ya sala ya alasiri niliwasikia kupitia ule ukuta wa mbao. "Watauliza habari ya filimbi," Bi Zainabu alisema. "Kama haikupigwa, aliyekuwa nayo ndiye atakayewekwa ndani. Maskini, mtoto wa watu." Bwana Athumani akamjibu, "Mimi ndiye meneja. Wakitaka mtu, nipo." Kisha akaongeza, "Lakini Tabitha atasema ukweli. Namjua." Nilikaa kitandani nimeishika sahani. Katika maneno yote yale, yaliyoniingia ni mawili tu: kuwekwa ndani.

Mabwana watatu wa kuchunguza ajali walikuja kutoka Nairobi kutuhoji. Walitumia ofisi yetu, wakakaa upande wa mashine yangu ya chapa, na mimi ndiye niliyewachemshia chai kabla ya kuitwa kuketi mbele yao. Nyuma yao ulikuwa ubao wa Bwana Athumani na maneno yale bado hayajafutwa. Mmoja akaniuliza kama filimbi ilipigwa. Nikasema ilipigwa. Akauliza kwa nini basi yule mwanamke alikuwa kati ya mawe. Nikatazama ubao, na nikasikia sauti yangu ikisema, tena kwa Kiswahili kizuri nilichofundishwa mezani, kwamba nilimwambia atoke, wenzake wakatoka, yeye akakataa kwa sababu ya kivuli. Bwana yule akaandika. Akaniuliza, "Ni mkaidi?" Nikasema, "Kidogo." Asiyekuwepo na lake halipo, na Syombua alikuwa wodini. Walimwendea huko baadaye, akasema aliwekwa pale na hakusikia filimbi. Wakaandika kwamba hakusikia kwa sababu ya kelele, na wale wenzake wakasema huenda kweli ilipigwa, nani angesikia kitu siku ile? Ripoti ikatoka, nami nikachapa nakala yake kwa mikono yangu: uwanja ulikuwa na utaratibu wa kutosha, na chanzo cha madhara kilikuwa ukaidi wa mtu mmoja. Kwa kuwa alikuwa mkaidi, klabu haikumsaidia hata kwa mguu wa bandia. Magongo alipewa na kanisa. Kwa kuwa alikuwa mkaidi, barua ya kufunga barabara haikuandikwa tena. Mwaka uliofuata mawe yalipakwa chokaa upya, watu wakakaa juu ya tuta, na ndege zikapita juu ya malori kama kawaida.

Bwana Athumani hakuwa pale mwaka uliofuata. Aliacha kazi mwezi ripoti ilipotoka. Jioni aliyonikabidhi funguo za ofisi tulikuwa sebuleni, Bi Zainabu anakunja nguo. "Filimbi ile niliinunua mimi," aliniambia, bila hasira. "Nilikuwa bandani siku ile, mlango wazi. Ya kwanza niliisikia. Ya pili niliisikia." Nilingoja amalizie, hakumalizia. Akanyanyuka kwenda kutawadha. Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na alikuwa ameufungua yeye kwa adabu ili niingie mwenyewe. Badala yake nilihama mwisho wa mwezi, nikisingizia kwamba nataka kukaa karibu na kazi. Wiki hiyo hiyo posta ilileta bahasha kutoka kwa yule mgeni mwenye kamera. Katika picha nacheka, mkono uko kwenye bawa, gauni la buluu limependeza, na filimbi iko shingoni. Ninayo bado. Ukiitazama vizuri, nyuma ya bega langu, juu angani, kuna doa dogo la manjano.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu. Kila Desemba nilikwenda Kathiani na sukari, unga na leso, na Syombua alinipokea kwenye jiko lake, gongo limeegemezwa mlangoni, Ndinda, yule mtoto wa tumbo, akikua mbele ya macho yangu. Watoto wa jirani walipokataa kutumwa, mama zao waliwaambia, "Utakatwa mguu kama Syombua mkaidi." Niliwasikia kwa masikio yangu, na nikaendelea kunywa chai. Syombua aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua uso. "Tabitha, ile siku kelele ilikuwa mingi, ama?" Leo najua kwamba aliniwekea daraja, nivuke nikitaka. Nikasema, "Ilikuwa mingi." Akapepeta kidogo zaidi, akapuliza makapi, akasema, "Haya." Kisha akaniuliza kama nitakula ugali au chapati.

Sasa nirudi kwenye mazishi. Nikiwa njiani kwenda kule, kwenye njia panda ya Machakos, nilikuwa nimeona bango kubwa: ndege za zamani zitaruka tena, uwanja ule ule, watoto karibuni. Barabara sasa ina malori mara kumi ya yale ya zamani, na bodaboda wanaopita kushoto na kulia. Tuta lipo. Mgunga haupo. Nilipoitwa kuzungumza, nilishika kipaza sauti na kuona mbele yangu hema tatu za watu, na vikongwe wawili wa ule mwethya wa zamani kwenye safu ya mbele. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Nilifungua kinywa nikasema Syombua alikuwa mtu wa ucheshi, na mpishi mzuri, na tulisoma dawati moja, na alinivumilia. Nikasema Mungu ailaze roho yake mahali pema. Wakasema amina, nikaketi. Jirani yangu akanipa maji, akidhani nimezidiwa na uchungu wa kufiwa.

Tulimzika. Tulikula wali na maharagwe. Watu walianza kutawanyika, vijana wakawa wanapakia viti kwenye pikapu, na mimi nikatafuta mkoba wangu. Ndinda alinikuta langoni. Ni mwalimu, ana paji la uso la mama yake, na tangu asubuhi sikuwa nimemwona akilia.

"Anti Tabitha, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Pole sana."

"Asante." Alisimama mbele yangu, si kwa ukali, ila sikuweza kupita. "Mama ndiye alisema upewe dakika kumi. Nikamwambia mama, hiyo ni mingi, hata pasta hatujampa hiyo. Akasema hapana, kumi, Tabitha atazihitaji." Akanitazama. "Ulitumia tatu."

Mkoba ulinielemea mkononi. "Mama yako alikuambia nini?"

"Alituambia kitambo, tukiwa wadogo. Ni wewe ulimweka kwa ile mti, na filimbi haikulia. Akasema tusikuulize. Ati neno kama hiyo mwenyewe ndiye huisema."

"Na yeye kwa nini hakusema?"

"Alisema, Anti. Alisema akiwa kwa kitanda ya hospitali. Sasa nani angemsikiza na karatasi imeandikwa vingine?" Sauti yake ilipanda kidogo, akaishusha. "Wiki ijayo tumeitwa baraza juu ya hiyo maonyesho ya ndege. Niliuliza kama barabara itafungwa. Wakanionyesha hiyo ripoti. Ati uwanja iko sawa, shida ilikuwa mtu mmoja mkaidi. Huyo mkaidi nimemzika leo."

Nilitaka kupiga magoti, na nikajua hata hilo lingekuwa la kujionyesha tu, kama ile picha. Ndinda akageuka kwa wale vijana wa viti.

"Hebu ngojeni. Rudisheni hizo viti chini."

"Ngapi, Mwalimu?"

"Zote. Na muite wale wako jikoni, na wale shosho wa mwethya, hawajafika mbali."

Wakaja. Wanawake walitoka jikoni wakijipangusa mikono kwenye leso, vikongwe wawili wakarudishwa wameshikwa mikono, ndugu watatu wa Ndinda wakakaa mbele. Kipaza sauti kilikuwa kimeshafungwa kwenye sanduku lake. Ndinda akatazama saa yake, akanielekeza pale pa kusimama, mbele ya udongo mbichi.

"Anti, umebaki na dakika saba."

Nilisimama. Safari hii sikuanza na dawati la shule wala na mapishi.

"Syombua hakukataa kutoka," nikasema. "Alikuwa ananingoja mimi nimwite."